BONGO FLEVA HAIKUUA DANSI! WENYE VYOMBO NDIO WALIOUA, NA MPANDA WANARUDIA YALEYALE

Kuna uongo umezoeleka vijiweni Mpanda mpaka umekuwa kama salamu. Wimbo wa zamani ukipigwa kwenye bajaji au kwenye banda la chipsi, lazima mtu mzima mmoja atikise kichwa na kusema, "Muziki ulikuwa ule bwana. Hawa vijana wa bongo fleva ndio waliouua." Waliokaa naye wanaitikia, kila mtu anarudi kwenye kahawa yake, kesi imefungwa.

Kesi haijafungwa. Huo ni uongo, tena ni uongo wenye faida kwa watu fulani. Wakati vijana wanatukanwa, waliowaacha wapiga gitaa mikono mitupu hawaulizwi kitu. Na hapa Mpanda wapo watu wanaofanya mchezo uleule leo hii, mchana kweupe. Majina hayatajwi. Wahusika wakisoma watajijua.

TABORA JAZZ ILIKUWA BENDI YA NYUMBANI

Kwanza kabisa, wengi waliozaliwa juzi wanadhani dansi lilikuwa mambo ya Dar, na Mpanda ilikuwa inasikia kwa mbali tu. Hapana. Katavi imekuwa mkoa mwaka 2012. Kabla ya hapo Mpanda ilikuwa Rukwa, na Rukwa yenyewe ilianzishwa 1974. Kabla ya 1974 Mpanda ilikuwa wilaya ya Tabora. Kwa hiyo Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, zile bendi tatu za Tabora zilizovuma nchi nzima, hazikuwa bendi za watu wengine. Zilikuwa za mkoa wa mzee wako aliyekuwa kijana Mpanda miaka ya sitini.

Njia ilikuwa moja, reli. Tawi la kutoka Kaliua kuja Mpanda lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi yaliyokuwa yanachimbwa hapa. Madini yaliondoka na waliokuja kuyachimba, reli ikabaki. Mtu wa Mpanda akitaka Tabora anapanda treni, na habari za Tabora zinashuka kituoni na abiria: nani kapiga wapi, nani kahama bendi, mtindo gani umetoka.

Tabora Jazz walikuwa na mtindo wao, Segere Matata. Shem Karenga, mtunzi wa Dada Asha, ndiye jina linalokumbukwa zaidi pale. Wimbo huo ukipigwa leo kwenye harusi Makanyagio, bibi wa miaka 70 na mjukuu wake wa miaka 20 wanasimama pamoja. Lakini waulize wanaocheza ni wa bendi gani. Wengi watasema "zilipendwa" tu, kana kwamba Zilipendwa ni jina la mtu.

WALIANZA KWA KUCHANGA WENYEWE

Sasa hebu twende taratibu, maana hapa ndipo watu wanaporuka hatua.

Bendi za mwanzo hazikuwa za serikali wala za tajiri mmoja. Dar es Salaam Jazz ilianza miaka ya 1930. Morogoro Jazz na Western Jazz zilikuja miaka ya 1940, na hiyo Western jina lake linatokana na Jimbo la Magharibi, yaani huku huku kwetu. Cuban Marimba ya Salum Abdallah ikaanza Morogoro 1948. Neno "jazz" walilichukua kutoka Marekani, enzi ambazo bendi kubwa za swing zilikuwa zinatikisa dunia, ingawa walichokuwa wanapiga kilielekea zaidi kwenye rumba za santuri za Kuba.

Nyingi ya bendi hizo zilikuwa klabu. Wanachama walichanga, magitaa na tarumbeta zikanunuliwa kwa michango, na wapigaji mchana walikuwa na kazi zao nyingine. Hela ilikuwa ndogo, vyombo vilikuwa vichache, lakini swali la "gitaa hili la nani?" lilikuwa na jibu: la klabu, na klabu ni sisi. Shika hilo, litarudi.

Baada ya Uhuru mambo yakabadilika. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kikaanzisha bendi yake, NUTA Jazz. Wapigaji wakawa waajiriwa, mshahara kila mwezi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mtindo huo ukasambaa. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, Magereza walikuwa na bendi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz, vijana wa chama wakawa na Vijana Jazz, shirika la bima likawa na Bima Lee. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, ikiwa chini ya shirika la usafiri na teksi, na 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Ndiyo hiyo Sikinde.

Tuseme ukweli, ule ulikuwa wakati mzuri. Mpiga tarumbeta alikuwa mtu mwenye kazi, ana kitambulisho, ana mshahara. RTD ilikuwa ikiwarekodi na kuwapiga nchi nzima. Msondo na Sikinde walikuwa na mashabiki wanaogombana kama Simba na Yanga. Anayesema serikali haikuusaidia muziki wa dansi anasema uongo wa pili.

Tatizo liko kwingine. Serikali na mashirika waliwapa wanamuziki kivuli, hawakuwapa mti.

MCHIMBAJI BILA DUARA

Mtu wa Mpanda hahitaji kuelezwa sana hili, maana machimbo anayajua. Kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara, na kuna yule anayeshuka chini na tochi kichwani. Anayeshuka ndiye anayetoka jasho, ndiye anayefukiwa mwamba ukianguka. Lakini siku mwenye duara akisema "nafunga", anayechimba anapanda juu na nguo zake za vumbi, basi. Hawezi kusema duara ni lake kwa sababu amechimba miaka kumi.

Mwanamuziki wa dansi alikuwa hivyohivyo. Gitaa lilikuwa mali ya ofisi. Ampulifaya, drams na maiki zilikuwa mali ya ofisi, na gari la kubebea vyombo pia. Jina la bendi lilikuwa la ofisi. Angalia Msondo: ilianza NUTA Jazz, chama kilipobadilishwa kuwa JUWATA bendi ikawa JUWATA Jazz, mwaka 1991 kilipokuwa OTTU bendi ikawa OTTU Jazz. Watu walewale, sauti zilezile, lakini kila mabosi walipobadilisha kibao cha ofisi, na bendi ilibadilishwa jina kama gari linalopewa namba mpya.

Na wimbo je? Wimbo alitunga yeye. Lakini nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi ilikuwa inaingia studio ya RTD, inarekodi, na tepu inabaki RTD. Inapigwa redioni mwaka mzima, nchi nzima inaimba, lakini hakuna kitu dukani cha kununua. Aliyetaka santuri ilibidi ategemee Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa 1977, ukafunguliwa 1983. Miaka sita! Hiyo ndiyo miaka ambayo dansi lilikuwa juu kabisa, na ndiyo miaka ambayo mlango wa kuuza ulikuwa umefungwa.

Kwa hiyo mwanamuziki alikuwa na vitu viwili tu vya kwake, koo na vidole. Vingine vyote vilikuwa vya mwenye duara.

MWENYE DUARA ALIPOFUNGA

Sasa tazama jinsi lilivyoanguka, na uhesabu miaka mwenyewe.

Vita vya Kagera vilikuwa 1978 hadi 1979. Baada ya hapo hazina ikawa haina fedha za kigeni, na gitaa, spika na nyuzi zote zinatoka nje. Mafuta yakawa ya shida, mpaka magari binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia mchana, siku ambayo watu ndiyo walikuwa wanaenda dansi. Kusafirisha bendi ya watu kumi na tano na mizigo yake kwenda mikoani kukawa kama kuhamisha kijiji.

Likaingia disko. Mwenye ukumbi akapiga hesabu: bendi ni watu kumi na tano wanaokula, wanaolala na wanaougua. Disko ni kijana mmoja na mashine mbili. Halafu zikaja kaseti, na kwa kaseti mtu yeyote mwenye redio ya milango miwili alikuwa "kampuni ya muziki", anakopi na kuuza, mtunzi haambulii hata shilingi.

Mwisho wa miaka ya themanini na kuingia tisini, mashirika ya umma yenyewe yakawa hoi. Yanapunguza wafanyakazi, yanauzwa, yanafungwa. Shirika linalopunguza makarani litanunua tarumbeta? Bendi za ofisi zikaanza kufa moja baada ya nyingine, na kila ilipokufa vyombo vilibaki stoo, wapigaji wakatoka getini.

Bongo fleva ilikuwa wapi muda wote huo? Ilikuwa haijaanza kutembea. Imekuja kushika nchi mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, baada ya redio binafsi kufunguliwa. Na ikifika, inakuta bendi nyingi zimeshazikwa. Zaidi ya hapo, miaka hiyohiyo ya mwisho wa tisini ndiyo African Stars, Twanga Pepeta, walipokuwa wanajaza kumbi. Kama bongo fleva ilikuwa muuaji, mbona Twanga ilinenepa mbele ya macho yake?

Kijana anayelaumiwa alikuta maiti, akaambiwa kisu ni chake.

WAMAREKANI NAO WALIDANGANYANA HIVIHIVI

Uongo huu si wa Mpanda peke yake. Kule Marekani, lilikotoka neno "jazz", bendi kubwa za swing zilitawala kuanzia 1935 hivi, Benny Goodman alipowasha moto, mpaka vita vya pili vya dunia. Halafu zikaanguka. Ukiwauliza wengi watakwambia rock and roll ndiyo iliyoziua.

Uongo uleule! Agosti 1942 chama cha wanamuziki kiligoma kurekodi, na kampuni kubwa zilikuja kukubaliana nacho mpaka mwisho wa 1944. Vita vikaleta mgao wa petroli na matairi, mabasi ya bendi yakalala. Mwaka 1944 serikali ikapiga kodi kubwa kumbi zenye dansi na kuimba, wenye kumbi wakaondoa dansi. Desemba 1946 bendi kubwa kadhaa, pamoja na ya Goodman, zikavunjwa ndani ya wiki chache. Rock and roll imekuja katikati ya miaka ya hamsini. Imekuta kaburi lina majani.

Lakini kuna mmoja hakuanguka. Duke Ellington aliendelea na bendi yake mpaka anakufa 1974. Kwa nini yeye? Alikuwa na kipaji, ndiyo, lakini wenye vipaji walikuwa wengi. Ellington alikuwa mtunzi, na nyimbo zake zilikuwa zikimlipa mrabaha popote zilipopigwa. Miaka ambayo bendi ilikuwa inakula hasara, hela ya nyimbo ndiyo iliyolipa wapigaji. Mti ulikuwa wake, kivuli kikabaki.

Huyo ndiye somo. Hakuna mtunzi wa dansi wa Tanzania aliyepewa nafasi ya kufanya alivyofanya Ellington. Sio kwamba hakuwepo mwenye kipaji hicho. Mbaraka Mwinshehe alikwenda mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970. Watu hawakukosa kipaji, walikosa hati.

GARI LA MZEE

Muhidin Maalim Gurumo aliingia NUTA Jazz 1964. Mwaka 1978 akaenda kuanzisha Mlimani Park na wenzake, 1985 akaenda Orchestra Safari Sound, baadaye akarudi Msondo. Alistaafu 2013 baada ya miaka zaidi ya hamsini ya kuimba, na siku chache baadaye msanii mmoja kijana wa bongo fleva, yule mwenye jina la jiwe la thamani, akampa gari. Nchi nzima ikapiga makofi. Mzee alifariki Aprili 2014.

Kijana alifanya jambo jema, asilaumiwe. Lakini fikiria makofi yale yalikuwa yanashangilia nini. Mtu ameimbia chama cha wafanyakazi, ameimbia mashirika, sauti yake imepigwa redioni tangu kabla ya baba yako kuoa, na gari analipata kwa huruma ya mtoto wa juzi. Yaani huyohuyo "muuaji wa dansi" ndiye aliyelipa deni ambalo si lake. Wenye deni walikuwa wamekaa viti vya mbele, wanapiga makofi na wao.

Na Shem Karenga? Naye alihamia Dar miaka ya themanini akapiga na MK Beats, jina la Tabora Jazz likaja kumfuata hukohuko. Alifariki Desemba 2014. Redio zikapiga Dada Asha siku nzima. Kesho yake zikaendelea na ratiba.

Wapo watakaosema, "Wale wazee walijimaliza wenyewe, walikuwa wanahama bendi kila siku." Ni kweli walihama. Gurumo alihama, Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz 1973 akaanzisha Super Volcano. Lakini muulize mchimbaji kwa nini anahama duara. Mtu asiyemiliki kitu anauza alichonacho, na wao walikuwa na koo na vidole tu. Kila alipohama aliacha nyuma vyombo, jina na nyimbo, akaanza upya na shati lake. Mwenye shamba lake hahamihami.

SASA TUJE MPANDA YA LEO

Hapa ndipo wengine wataanza kukunja uso.

Kuna bosi wa vyombo. Mjini anaheshimika, ana spika kubwa, ana kinanda, ana jenereta. Vijana wanaojua kupiga wanamtegemea kwa kila kitu. Harusi Kashaulili, vijana wanapiga kuanzia saa mbili usiku hadi saa saba, mwisho wanapewa nauli na sahani ya pilau, na wanaambiwa washukuru kwa sababu "wanajulikana". Kijana akiuliza hesabu anaambiwa ana kiburi, wiki ijayo kinanda kinashikwa na mwingine. Huyo bosi ni ofisi ya mwaka 1980 iliyovaa kofia ya kapelo.

Kuna mwenye studio. Anamrekodi kijana wa Nsemulwa kwa mkopo, halafu wimbo ukianza kusikika anasema biti ni lake, faili ni lake, na akaunti ya kupandishia mtandaoni ni yake. Kijana amebaki na nini? Koo.

Kuna mtu wa kampeni. Kila uchaguzi anawaita wasanii wa Katavi, wanatunga wimbo wa kumsifu, wanajaza uwanja kabla hajafika. Akishapita, simu haipokelewi. Wimbo umempeleka mjengoni, mtunzi yuko palepale kijiweni na fulana yenye picha ya mheshimiwa.

Kuna MC na DJ. Hawa wanaishi kwa zilipendwa. Bila Msondo, bila Sikinde, bila Tabora Jazz, sherehe yao inalala saa nne. Lakini hawatamki hata jina la bendi. Wanasema "kitu cha wazee hicho", mikono juu, twende kazi. Kutaja jina la mtunzi ni bure kabisa, hakuhitaji risiti, na bado wanaona uzito.

Na kuna mtangazaji wa zilipendwa siku za mapumziko. Anasikitika kwa sauti nzito kwamba vijana wameua muziki mzuri, kisha anapiga nyimbo nane mfululizo bila kusema nani katunga, nani kapiga solo, zilirekodiwa mwaka gani. Anaomboleza marehemu asiyejua hata jina lake.

SHERIA IPO

Watu hawa wanapenda kusema, "Nyimbo zenyewe za zamani, hazina mwenyewe." Wanazo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi kwa uhai wote wa mtunzi, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mbaraka Mwinshehe alikufa kwa ajali ya gari kule Kenya Januari 1979. Piga hesabu, alichotunga kinalindwa mpaka 2029. Shem Karenga na Gurumo walikufa 2014, kwa hiyo ni mpaka 2064. Mjukuu wa anayesoma hapa atakuwa na wajukuu, na Dada Asha itakuwa bado ina mwenyewe.

Sheria hiyohiyo inasema kupiga wimbo wa mtu hadharani, kuurusha redioni au kuugeuza kuwa toleo jipya ni haki ya mwenye kazi. Si fadhila. Kuna kijana anayechukua sauti ya marehemu, anaweka biti, anaita "rimiksi", anapata sifa. Ajue anashika mali ya watoto wa mtu.

Na kijana wa Mpanda anayetunga leo ajue kwamba sheria hii ni yake pia. COSOTA wapo kwa ajili hiyo, kazi inasajiliwa. Makubaliano na mwenye studio yanaandikwa kwenye karatasi kabla ya kurekodi, sio baada ya wimbo kupendwa. Nani ana biti, nani ana mashairi, akaunti ya nani, kila mmoja anachukua kiasi gani. Anayekataa kuandika ameshakuonyesha nia yake.

Kuhusu vyombo, jibu walikuwa nalo wazee wa klabu kabla ya ofisi kuja. Changeni. Vijana sita wanaopiga harusi kila wiki wakiweka kidogo kidogo, kinanda kimoja kinapatikana, kisha spika moja, kisha ya pili. Akina mama wa Katavi wanaendesha vikoba, wananunua bati na kusomesha watoto. Wapiga muziki wanashindwa nini? Wanashindwa kwa sababu kila mmoja anasubiri bosi wa kumtoa. Bosi hatoi mtu. Anatoa kivuli, na jua likisogea kinahama naye.

Angalia waliobaki. Chama cha wafanyakazi kilipoachana na bendi, wanamuziki wenyewe ndio waliolibeba jina la Msondo Ngoma mabegani wakaendelea nalo. Wenye nguvu walipotoka, wenye kazi ndio waliobaki. Ingekuwa hivyo tangu 1964, na nyimbo zingekuwa na hati, leo hadithi ya dansi isingekuwa hadithi ya misiba.

MWISHO WA MANENO

Kwa hiyo mzee wa kijiweni, kabla hujamnyooshea kidole kijana mwenye suruali iliyochanika magotini, jibu maswali haya. Mwaka OTTU inarithi bendi ya JUWATA, huyo kijana alikuwa amezaliwa? Mpaka wa Kenya ulipofungwa, ni yeye aliyeufunga? Tepu za RTD ziko mfukoni mwake? Hata yeye ni yatima wa msiba uleule. Hakurithishwa gitaa, hakurithishwa ukumbi, hakurithishwa mtu wa kumfundisha, kwa sababu waliotakiwa kumfundisha walitoka getini bila chombo mkononi.

Na wewe bosi wa vyombo, wewe mwenye studio, wewe mheshimiwa wa fulana: Mpanda ni ndogo. Vijana wanaanza kusoma. Siku wakinunua kinanda chao utaanza kuwaita "watoto wangu", na wao watakutumia ankara.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nani aliua dansi? Na wewe uliyewahi kupiga harusi nzima kwa sahani ya pilau, tiririka hapo chini. Majina ya mabosi msiyaweke, wenyewe wanajijua. Lakini mnapotaja wimbo, mtajeni na aliyetunga.